Kilomita 21 mjini Unguja wakati wa kaskazi: naomba ushauri wa mwendo

MwanaMwera ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, mama wa watoto watatu, na kwa miaka michache sasa nimo katika kikundi cha mazoezi cha mtaani kwetu, tunaokimbia pamoja alfajiri za Jumapili na kujumuika na vikundi vyengine kila tarehe 1 Januari katika Siku ya Mazoezi. Mwezi wa pili kutakuwa na mbio za barabarani hapa mjini. Zitaanzia Forodhani saa 12:30 asubuhi, zitapita Malindi na Mtoni, zitaivuka Bububu kidogo kisha zitarudi njia hiyo hiyo, nami nimejiandikisha masafa ya kilomita 21. Waandaaji wanaturuhusu kuhamia kilomita 10 mpaka wiki mbili kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo nafasi ya kufikiri bado ninayo.

Kilomita 10 huzimaliza kwa saa moja na dakika tano hivi bila ya kusimama, na hubakiwa na nguvu. Taabu huanza ninapovuka 12. Wakati wa kusi niliweza kufika 14 kwa raha, lakini tangu joto lirudi, mwendo ule ule unanishinda: moyo unapiga kwa nguvu, miguu inakuwa mizito na nguo inarowa chapa, hali ya kuwa jua hata halijachomoza. Wenzangu kila mmoja ana lake la kunishauri. Mmoja ameniambia ninywe lita nzima ya maji kabla ya kuanza na nisipite kituo chochote cha maji bila ya kunywa. Mwengine ameniambia nimeze dawa ya maumivu asubuhi ile ili miguu isihisi uchovu.

Zimebaki wiki kumi. Je, niendelee na 21 au nirudi kwenye 10? Na kama ni 21, niupange vipi mwendo wangu ili nisiishiwe nguvu njiani? Zawadi sizitafuti. Ninachokitaka ni kuumaliza mwendo nikiwa nakimbia, kwa sababu wanafunzi wangu wameahidi kuja kusimama Malindi wanione nikirudi.

MkufunziWaRiadha amejibu:

Waalaykum salaam, mwalimu mwenzangu. Nitaanza na hilo la moyo kupiga na nguo kurowa, maana ndilo asili ya mengine yote, na wakimbiaji wengi wa hapa kwetu hudhani wamedhoofika wakati miili yao inafanya kazi barabara.

Mwili wa mkimbiaji hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi, si pale linapotoka. Hewa ya kwetu ina unyevu mwingi mwaka mzima, na alfajiri, ingawa joto lipo chini, ndipo unyevu unapokuwa juu zaidi. Jasho likishindwa kukauka hutiririka bure, joto hubaki mwilini, na moyo hulazimika kupeleka damu sehemu mbili kwa pamoja: kwenye misuli ili ifanye kazi na kwenye ngozi ili ipoe. Ndiyo maana kasi iliyokuwa nyepesi mwezi wa saba inakuwa nzito mwezi wa kumi na mbili. Mwili huzoea hali hii kwa kiasi kikubwa katika siku 10 hadi 14 za mazoezi ya mfululizo kwenye joto: maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi na chumvi inayopotea nalo hupungua. Kwa hiyo usiwe na hofu na wiki hizi za mwanzo wa joto, na usiikimbilie saa ya mkononi. Kimbia kwa pumzi. Kama huwezi kumsemesha mwenzako sentensi nzima bila ya kukatika, basi unakwenda kasi kupita uwezo wa siku hiyo, hata kama wiki iliyopita kasi hiyo uliimudu.

Sasa hesabu. Mtu anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 65 anaweza, katika hali ya hewa nzuri, kumaliza nusu marathoni kwa saa mbili na dakika 23 hivi. Kwa asubuhi ya kaskazi mimi ningekupangia karibu saa mbili na nusu. Kilomita tano za mwanzo nenda kwa dakika 7 na sekunde 20 kila moja, kisha shika dakika 7 mpaka mwisho. Ukifanya hivyo utamaliza kwa saa mbili na dakika 29. Utaona watu wengi wanakupita kuanzia Forodhani hadi Mtoni, na utaona vibaya. Waache wapite.

Lipo jambo la njia yenyewe ambalo sijasikia likitajwa, nalo ni upepo. Mwezi wa pili upepo ni wa kaskazi. Mnapokwenda Bububu mtakuwa mnaelekea upepo unakotoka, na hata ukiwa mwepesi utakupooza, utajiona una nguvu za kukimbia mpaka Mkokotoni. Mkigeuka, upepo huo huo utakuwa mgongoni na kwa mwendo wenu mtakuwa mnakwenda nao sambamba, kwa hivyo hutauhisi kabisa. Hewa itaonekana kama imesimama. Wakati huo huo jua litakuwa limeshapanda. Nusu ya pili ya mbio hizo ni ngumu kuliko ya kwanza kwa kila hali, ingawa barabara ni ile ile. Anayefika kwenye kigeuzo akiwa ametumia nusu ya nguvu zake, amekwisha kutumia kupita kiasi.

Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, Septemba 2025, alikimbia katika joto na unyevu ambao mkaazi wa Unguja angeutambua mara moja. Alikaa ndani ya kundi akihifadhi nguvu na akamaliza kwa saa 2:09:48, muda ule ule alioandikiwa Mjerumani Amanal Petros, tofauti yao ikiwa ni sekunde 0.03 tu. Bingwa wa dunia alingoja hadi hatua za mwisho kabisa. Na sisi wa kilomita 21 tungoje japo mpaka tumegeuka Bububu.

Kuhusu mazoezi: kila wiki kimbia mara nne, na Jumapili iwe ndiyo siku ya mwendo mrefu. Anza na 12, kisha 13 na nusu, kisha 15, wiki ya nne shuka mpaka 11 ili mwili upumzike, halafu 16, 17 na 18. Hiyo 18 iangukie wiki tatu kabla ya mbio, na baada ya hapo punguza. Siku nyengine zote za wiki kimbia masafa mafupi na kwa utulivu. Ukifika siku ya mwisho ya kubadilisha na umeshaikimbia 16 ukaimaliza huku unaweza kuzungumza, baki kwenye 21. Kama hukufika hapo, nenda 10 bila ya kuona haya.

BintiMazizini amejibu:

Dada, Mkufunzi ameshasema ya mwendo, mimi nitakwambia ya nguo na ya barabarani, kwa sababu wanaume hawayafikirii.

Achana na pamba. Fulana ya pamba na mtandio wa pamba vikirowa havikauki, vinakuwa vizito na vinachubua kwapani, shingoni na mapajani. Tafuta hijabu ya michezo ya kitambaa chepesi, fulana ndefu ya mikono mirefu isiyobana, na suruali ya kitambaa hicho hicho, vyote vya rangi ya kupauka, kwa sababu rangi nyeusi hunyonya joto la jua. Kujisitiri hakukuzuii kukimbia. Kitambaa kibaya ndicho kinachozuia. Pakaa mafuta ya mgando kila mahali panaposuguana, na usisahau vidole vya miguu. Wala usivae kitu kipya siku ya mbio, hata soksi. Kila utakachovaa kiwe kimeshapita kwenye zile kilomita 15 au 16 za Jumapili.

Viatu viwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, maana miguu huvimba kwenye joto. Wengi wetu tunanunua raba za mitumba, na hakuna ubaya, lakini bonyeza soli kwanza: kama sponji yake imeshakuwa ngumu au imelala upande mmoja, iwe nzuri namna gani kwa macho, iache hapo hapo.

Kwa mwendo mrefu mimi napenda kwenda na wenzangu upande wa Bungi, pale penye miembe ya Bi Khole, kwa sababu ya kivuli. Lakini barabara zetu nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu, na alfajiri kuna daladala zinazokimbilia abiria na pikipiki zisizokuwa na taa. Kimbieni upande wa kulia ili mzitazame gari zinazokuja, mmoja nyuma ya mwenzake, na angalau wa mbele na wa nyuma wavae kitu kinachong'ara. Usikimbie peke yako gizani. Hilo nakuomba kama dada yako.

MuuguziChukwani amejibu:

Nimeingia kwa sababu ya huo ushauri wa maji na dawa, ambao unanitia wasiwasi kuliko kilomita zenyewe.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Mkimbiaji aliyepoteza maji kwa jasho tayari figo zake zinapata damu kidogo, na akizidishia dawa hizo anaweza kuziumiza. Zaidi ya hayo, maumivu ni taarifa ambayo mwili unakupa, na siku ya mbio unaihitaji taarifa hiyo. Usimeze kitu.

Maji nayo yana kipimo chake. Watu wengi wanajua hatari ya kukaukiwa, lakini wachache wanajua kwamba anayekunywa maji mengi kuliko anayoyapoteza hupunguza kiwango cha chumvi katika damu, na hali hiyo inaweza kuua. Wakimbiaji 488 walipimwa baada ya kumaliza Boston Marathon ya mwaka 2002, na asilimia 13 kati yao walikutwa na upungufu huo wa chumvi. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mpaka uzito wao ukaongezeka, na wale waliochukua muda mrefu njiani, yaani watu wa mwendo kama wako na wangu, kwa sababu tunapita vituo polepole na muda wa kunywa tunao. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba na kuchanganyikiwa, na mtu asiyejua humuongezea mgonjwa maji.

Namna nzuri ya kujijua ni mizani. Jipime kabla na baada ya mwendo mrefu wa Jumapili, ukiwa umeshajifuta jasho. Kwa mtu wa kilo 65, kupungua mpaka kilo moja na robo hivi si jambo la kutisha. Ukipungua kupita hapo sana, ongeza maji mara ijayo. Ukiongezeka hata kidogo, ulikunywa kupita haja. Siku ya mbio kunywa glasi moja au mbili taratibu katika saa mbili za kabla ya kuanza, kisha njiani kunywa unapohisi kiu, mafunda machache tu. Maji ya kichwani na shingoni jimwagie upendavyo. Ukimaliza, dafu na kitu chenye chumvi vinatosha.

Na hili wasome wote, pamoja na waandaaji. Mkimbiaji akianza kuyumba, akijibu maswali ovyo, akihisi baridi wakati jua linawaka au akiwa mkali bila ya sababu, huenda joto la mwili wake limeshapanda kupita nyuzi 40. Hapo kila dakika ina thamani. Apelekwe kivulini, avuliwe vya kupunguzwa, amwagiwe maji ya baridi mwili mzima na awekewe barafu shingoni, kwapani na kwenye mapaja, na kazi hiyo ianze pale pale huku gari la wagonjwa likiitwa. Kumkimbiza hospitali kwenye gari la moto bila ya kumpooza ni kumpotezea muda. Barafu si kitu kigumu kupatikana Malindi, wavuvi wanaitumia kila siku. Kila kituo cha maji kingekuwa na boksi moja la barafu na mtu mmoja anayezijua dalili hizi, ningelala vizuri zaidi usiku wa kuamkia mbio.

MtuWaGombani amejibu:

Salamu kutoka Pemba. Naheshimu sana aliyoyaandika Mkufunzi, lakini kuna pahala nina mawazo tofauti. Kumpangia mtu wa mara ya kwanza akimbie kilomita 21 mfululizo katika joto lile ni kumtwisha mzigo usio wa lazima. Huku kwetu, barabara ya kutoka Chake Chake kwenda Wete haikupi mita mia nyingi bila ya kilima au bonde, na kilima kimetufundisha kutembea. Tunapanda kwa hatua ndefu za kutembea, tunashusha pumzi, tunakimbia tena, na mwisho wa safari tunamaliza pamoja na wale waliopanda mbio wakachoka.

Ushauri wangu kwa mwalimu ni huu: tembea dakika moja katika kila kituo cha maji, tangu kituo cha kwanza, kabla hujachoka. Kunywa ukiwa unatembea ili usipaliwe, jimwagie maji, kisha endelea. Vituo vikiwa vitano au sita, dakika ulizozitoa utazirudisha kwa sehemu kubwa mwishoni, wakati wenzako wanatembea kwa kushindwa. Najua umesema unataka kumaliza ukiwa unakimbia. Utamaliza ukiwa unakimbia, na Malindi watoto watakuona unakimbia.

MkufunziWaRiadha amejibu:

Ndugu yangu wa Gombani, sina ugomvi na hilo, na kwa mtu anayekwenda zaidi ya saa mbili naliunga mkono. Sharti langu ni moja: afanye hivyo pia kwenye mazoezi ya Jumapili, kwa muda ule ule wa dakika moja, kwa sababu miguu isiyozoea kusimama na kuanza tena huwa migumu pale inapotakiwa kuondoka. Nami namsihi asisubiri mpaka achoke ndipo atembee. Dakika ya kituo cha kwanza ina faida kuliko dakika tano za kituo cha mwisho. Hesabu yangu ya saa mbili na dakika 29 basi isogezwe hadi saa mbili na dakika 33 au 34, na bado ni muda wa heshima.

Ukipata nafasi ya kupanda vilima, mwalimu, ipate. Unguja tuna miinuko michache, lakini ile ya Beit el Ras itakuwa njiani kwako, kwa hiyo ni vizuri miguu iwe inaijua.

MwanaMwera ameandika:

Nawashukuruni nyote kwa moyo wangu wote. Dawa ya maumivu nimeiweka kando, mizani nitaazima kwa jirani, na Jumapili tumekubaliana na wenzangu tuanze na 12 kwa mwendo wa kuzungumza na dakika moja ya kutembea kila baada ya kilomita tatu. Ushauri wa upepo nimeupeleka kwenye kikundi chetu na umezua mazungumzo marefu, kwa sababu karibu sote tulikuwa tumepanga kukimbia kwa nguvu kwenda na kujitahidi kurudi.

Limebaki la chakula. Mbio zinaanza saa 12:30, nami nimezoea kunywa chai na boflo saa moja asubuhi. Nile nini, na saa ngapi?

BintiMazizini amejibu:

Dada, chakula cha nguvu ni cha jana yake. Mchana wa siku ya kabla kula wali au mbatata za kuchemsha mpaka ushibe, na usiku kula mapema na kidogo. Urojo, pilipili, maharage na vitu vya kukaanga viache kwa siku mbili hizo, kwa sababu tumbo lililovurugika litakusimamisha njiani kabla ya miguu.

Asubuhi amka saa kumi, kula kipande cha boflo na asali au ndizi mbivu moja na tende kadhaa, na chai nyepesi kama umeizoea, kisha sali alfajiri na uondoke. Weka tende tatu nne zilizotolewa kokwa kwenye kifuko kidogo. Moja itafune kwenye kituo cha karibu na kilomita ya nane, nyengine baada ya kugeuka. Yote haya yajaribu Jumapili kwanza, kwa saa hizo hizo, kwa sababu tumbo nalo linahitaji mazoezi. Na namba yako ya kifua ichukue siku ya kabla, uibandike kwenye fulana usiku huo huo kwa pini nne, ili asubuhi usiwe na kazi nyengine ila kuelekea Forodhani.